Karte ya kazi ya mgeni iambatane na mwanagenzi

Bwana Mhariri,

Malalamiko hapa Lubumbashi hayabadiliki: migodi inaleta wachomeleaji, mafundi umeme na waendeshaji wa mitambo kutoka nje, na vijana wetu wa komini za Katuba na Kenya, mitaa ya mji huu, wanabaki kuendesha pikipiki na kuuza yuniti za simu. Ni malalamiko ya haki. Ila tuyapeleke mlango unaostahili. Kumchukia mgeni aliyefuata riziki hakujampa kijana hata mmoja ufundi, na sisi wa Katanga tuliona mwaka 1992, Wakasai walipofukuzwa, maafa yanayozaliwa pale majirani wanapoanza kuulizana nani mwenyeji, nani wa kuja.

Mimi ni mwalimu wa ateliye, yaani karakana ya mafunzo. Kijana anayetengeneza milango ya chuma kando ya barabara ana mkono mzuri, nami huwa nasimama kumtazama. Kioo chake cha kinga kimepasuka, anafumba jicho moja, na mshono bado unatoka sawa. Lakini mlango wa nyumba haubebi asidi. Kwenye kiwanda cha shaba, mabomba yanapitisha asidi ya sulfuri. Yale ya chuma kisichoshika kutu yanachomelewa kwa gesi ya arigoni, na mshono unaweza kupigwa eksirei kabla ya kukubaliwa. Kitundu kidogo tu ndani, kazi inarudiwa. Ufundi huo hauokotwi kwa kutazama. Unataka arigoni, vipande vya bomba vya kuharibia, umeme usiokatika katikati ya somo, na mtu aliyewahi kuifanya kazi yenyewe.

Watu hao tulikuwa nao. Mwaka 2003 Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, ilipowaaga wafanyakazi zaidi ya 10,000 katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharamiwa na Banki ya Dunia, tulizungumza juu ya pesa ndogo waliyopewa, na tulikuwa na haki. Hatukuzungumza vya kutosha juu ya ufundi uliotoka getini siku hizo bila kurithiwa. Wengi tumekwisha kuwazika. Waliobaki wako mitaani mwetu, wanajua kuchonga chuma kwenye tuu, ile mashine ya kukerezea, na kurekebisha pampu, na sijasikia kampuni iliyowapigia hodi iwaombe kufundisha.

Union Minière, kampuni ya migodi ya enzi ya Wabelgiji iliyotangulia Gécamines, nayo ilianza kwa kuleta watu, wengi wao kutoka Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), kisha Kasai na Ruanda-Urundi (Rwanda na Burundi za leo). Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikaona kuleta wapya kila mara ni hasara, ikaanza kuwaweka wafanyakazi kambini na familia zao kwa mikataba ya miaka mitatu, na kuwafundisha kazi. Haikuwa huruma, ilikuwa hesabu. Kampuni za leo hazipigi hesabu hiyo kwa sababu hakuna anayezibana.

Shule si kwamba hazipo. Wasalesiani, watawa wa Don Bosco wenye shule za ufundi, wako katika mji huu tangu 1911, na INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi iliyoundwa mwaka 1964, inaendeshwa kwa michango ya waajiri. Kinachovunja moyo ni staji, yale mazoezi ya kazi ndani ya kampuni. Namtuma mwanafunzi aliyefaulu kwenye kampuni. Anarudi baada ya miezi mitatu akiwa amefagia bohari na kubeba makaratasi. Haruhusiwi hata kugusa mashine. Kisha kampuni hiyo hiyo inaandika kwamba mafundi hawapatikani nchini!

Sheria zinazo meno, tukitaka kuyatumia. Kanuni ya Kazi ya 2002 inautambua mkataba wa uanagenzi. Sheria ya 2017 ya kandarasi ndogo, zile kazi ambazo kampuni kubwa huzigawia kampuni nyingine, inazidai kampuni mpango wa kuwafundisha Wakongomani. Inspekta wa Kazi aingie aombe kuuona mpango huo, si kuishia kuhesabu karte za kazi, yaani vibali, za wageni.

Ombi langu kwa serikali ya jimbo na ya Kinshasa ni moja. Karte ya kazi ya fundi mgeni isitolewe wala kufanywa upya bila jina la kijana anayefundishwa naye, mkataba wake uliotiwa sahihi, na posho ya chakula na usafiri, maana mwenye njaa hajifunzi. Karte inapoisha, kijana apimwe hapa hapa Lubumbashi, wazee wa Gécamines wakiwa kati ya wapimaji, na mshono wake upigwe eksirei ile ile anayopigiwa mgeni.

Mwalimu wa ateliye,
Komini ya Katuba, Lubumbashi