Barua kwa mwanangu Kulwa kabla ya safari ya ziwani

Nyegezi, Mwanza

Mwanangu Kulwa,

Salaam nyingi. Sisi hatujambo, na goti la mama yako limepungua uvimbe. Doto alinisomea mpango wa safari yenu uliomtumia kwenye simu, nikamwomba aurudie, kisha nikaona afadhali nichukue kalamu, kwa kuwa tukiongea kwa simu wewe huniwahi kwa kicheko nami nikasahau nilichokusudia kusema.

Umeandika kwamba hii ni safari ya mwendo wa taratibu, ya kutembea kandokando ya ziwa na kuwaonyesha watoto nchi ya babu zao. Nimefurahi kusikia hivyo. Lakini katika siku saba ulizozipanga nimehesabu siku tatu ambazo mnafika mnapolala saa mbili au saa tatu usiku. Jua la Desemba huku kwetu linazama kabla kidogo ya saa moja, na likishazama giza huingia mara moja, bila kumsubiri aliyechelewa. Ombi langu ni moja tu, nalo ndilo lililonifanya niandike: ifikapo saa kumi na moja jioni, popote mtakapokuwa, gari liwe limezimwa.

Najua utasema kwamba barabara ni ya lami na gari lina taa nzuri. Taa zako si tatizo, tatizo ni wale wasio na taa. Kwenye barabara ya Musoma usiku utakutana na baiskeli iliyobeba magunia mawili ya mkaa, haina hata kioo cha kuakisi mwanga. Utakutana na ng'ombe waliochelewa kurudi zizini. Utakutana na lori lililokatika ekseli, na dereva wake ametandaza matawi ya miti barabarani ili kukuonya, nawe unayaona wakati umekwisha kuyakanyaga. Kati ya Lamadi na Bunda, Hifadhi ya Serengeti inafika karibu kabisa na barabara, na tembo hawana desturi ya kuheshimu mpaka. Nimeipita njia hiyo na lori kwa miaka ishirini na miwili, na sijawahi kuiona ikipungua hatari baada ya jua kuzama.

Kutoka Mwanza hadi Musoma ni kilomita zipatazo 220, na huo ufupi ndio unaowaponza watu. Mtu hujiambia kwamba ni karibu, akanywa chai mpaka saa tano, akasimama kununua nyanya, na giza likamkuta njiani. Ninyi ondokeni saa moja asubuhi. Simameni Kisesa, mwingie Bujora kwenye makumbusho ya Wasukuma, watoto wazione ngoma za watemi na waelezwe habari za Wagika na Wagalu, yale makundi mawili ya ngoma yanayoshindana, maana mimi nilipokuwa na nafasi ya kuwaeleza ninyi nilikuwa barabarani. Msiwakimbize pale. Kisha mpite Magu polepole na mlale Bunda. Kesho yake iacheni barabara kuu pale Makutano mwende Butiama, mkaone nyumba ya Mwalimu na kaburi lake, halafu mfike Musoma wakati jua bado lipo juu ya maji.

Ukerewe sikukatazi. Ila mpango wako unasema mtawahi kivuko cha mwisho cha Kisorya, na neno hilo "kuwahi" silipendi hata kidogo, kwa sababu anayewahi kivuko cha jioni huendesha kama anayefukuzwa, na akifika hupanda hata kama kimejaa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara kikiwa kimejaza kupita kiasi, wakafa watu zaidi ya 220. Vukeni asubuhi. Mkiona watu wamesongamana, subirini kinachofuata, hata kama mdogo analia.

Bukoba iacheni mwaka huu. Ni zaidi ya kilomita 400 kutoka hapa, na wewe umeiweka katika siku moja, ukaweka na mapumziko ya chakula cha mchana Geita, kana kwamba saa zinanunuliwa. Kama mnataka kuliona daraja la Kigongo na Busisi, nendeni asubuhi mkarudi. Lina urefu wa kilomita 3, limefunguliwa Juni 2025, na mnavuka kwa dakika chache tu. Mimi nimelala Kigongo kwenye foleni ya kivuko mara nyingi kuliko nilivyolala nyumbani katika baadhi ya miezi, nikila samaki wa baridi juu ya boneti. Ningependa kuvuka daraja hilo nawe ukiwa umeshika usukani.

Sijawahi kukuambia hili, lakini siku ile uliporudisha gari kinyumenyume kwenye lango letu jembamba bila kugusa nguzo, nilitoka nje nikajifanya naangalia kuku. Katika ukoo wetu hakuna mwanamke aliyewahi kununua gari kwa jasho lake mpaka ulipokuja wewe. Ndiyo maana Pasaka ulinikera. Mlitoka Dodoma mchana, mkafika hapa saa sita usiku, ukamwambia mama yako kwamba mlipata pancha, na asubuhi yake wajukuu wangu wakanieleza jinsi mlivyokaa Shinyanga mkinunua viatu. Mama yako alikuwa amekaa kwenye kiti cha mlangoni tangu saa moja.

Naijua na hoja nyingine, kwamba mkwe wangu ni dereva makini na hasinzii. Hakuna dereva anayejiona akisinzia. Usingizi wa barabarani si lazima uje na miayo kama wa kitandani; unaona mstari mweupe, unaendelea kuuona, na kumbe macho yamekwisha kufumba. Siku ya ajali yangu pale Lamadi hapakuwa na ng'ombe niliyemsingizia, Kulwa. Mkifika hapo nunueni matikiti, jazeni mafuta, na kama imefika saa kumi tafuteni nyumba ya wageni hapohapo, wala msijiambie kwamba Bunda ni karibu.

Wala hamtakosa kitu kwa kusimama mapema. Kama mwezi utakuwa wa giza, kaeni ufukweni baada ya chakula mtazame wavuvi wa dagaa wakiwasha taa zao, moja moja, mpaka ziwa lote linaonekana kama mji. Ukiwa ndani ya gari huoni lolote katika hayo. Watoto wakae mchangani tu, wasitie miguu kwenye maji yaliyotulia yenye majani, kwa sababu ya kichocho.

Hapa nyumbani bati la chumba cha nyuma lilianza kuvuja mvua za Novemba. Fundi ameahidi kuja Jumamosi, na asipokuja nitapanda mwenyewe, usimwambie mama yako. Tangi la maji tumeliosha. Magodoro yapo mawili, kwa hiyo kama watoto hawalali tena pamoja njooni na moja. Mama yako amewawekea michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na barua hii naituma kwa basi ndani ya kifurushi hicho, sikutaka Doto aipige picha, kwa sababu habari za Lamadi yeye na mama yake nitawaeleza mwenyewe kabla hamjafika. Nimechelewa kuwaeleza kwa miaka mingi, nisichelewe tena kwa majuma mawili.

Niandikie upya mpango wako, na pembeni ya kila siku uweke jina la mahali mnapolala na saa ya kufika. Nikiona hata saa moja usiku mahali popote, nitakupigia. Jeki uliyoisahau Pasaka nimeipaka grisi, ipo chini ya kitanda changu. Msiondoke hapa bila kuichukua.

Ni mimi baba yako.