Mama amekataa kujaza fomu

Ndugu yangu Bahati,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, baridi ndiyo inatutesa. Shemeji na watoto hawajambo?

Nakuandikia kwa ajili ya Mama. Tangu Baba Riziki aanguke kwenye usaili, Mama hataki kusikia habari za uraia wa Marekani. Anasema Kiingereza hakimwingii, na sasa wamezidisha: waliopeleka maombi kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025 wanasoma maswali 128 ya historia na serikali, wanaulizwa mpaka 20, wapate 12. Kujibu kwa Kiswahili anaruhusiwa mwenye miaka 50 aliyeishi na grini kadi, kibali cha ukaazi wa kudumu, miaka 20, au mwenye 55 aliyeishi nayo 15. Sisi wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, tumetoka juzi tu! Miaka mitano ya kuomba ametimiza, maana mkimbizi anahesabiwa tangu siku aliyoingia nchini. Basi anangoja nini? Bahati, Mama hajawahi kushika pasi ya nchi yoyote.

Nilianza kusoma historia ili nimfundishe, ikanishika. Sheria ya mwaka 1790 ilimruhusu mgeni kuomba uraia akiwa tu mweupe na huru. Sisi wa asili ya Afrika tukaruhusiwa 1870. Wachina walizuiwa mpaka 1943. Ila anayeniuma ni Bhagat Singh Thind, Kalasinga wa Punjab. Alivaa sare ya jeshi la Marekani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akapewa uraia 1918, ukafutwa baada ya siku chache. Akapewa tena 1920, na 1923 Mahakama ya Juu ikasema si mweupe. Wahindi wengine waliokwisha kuwa raia nao wakavuliwa. Akaupata mara ya tatu, 1936! Kigezo cha rangi kilifutwa kabisa 1952.

Nilimsimulia Mama akichambua mboga ya lengalenga. Aliuliza kama huyo Kalasinga hakuchoka. Hakusema zaidi, lakini fomu ameiweka ndani ya Biblia yake.

Wewe ulipita, na maneno yako anayasikia kuliko yangu. Nakuomba umpigie Jumapili baada ya ibada, umzoeze kusoma na kuandika sentensi fupi. Kuandika ndiko kunakomwogopesha.

Afisa alikuuliza nini kuhusu kambi? Ulibeba karatasi zipi? Ada ulilipa yote au uliomba msamaha? Na Mama Neema bado anafundisha pale kanisani? Anaweza kumsomesha kwa simu?

Nijibu upesi.

Wako,
Esperance