Ndege ya upelelezi isionyeshwe bila upelelezi wake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongeze neno katika makala mliyochapa kuhusu SR-71, ndege ya upelelezi ya Marekani iliyostaafishwa na kuwekwa katika makumbusho ya Udvar-Hazy, karibu na Washington. Mwandishi wenu hakutia chumvi aliposifu kasi yake, kwani tarehe 6 Machi 1990 ndege hiyo hiyo ilitoka Los Angeles hadi Washington kwa saa 1, dakika 4 na sekunde 20, ndipo ikakabidhiwa kwa wahifadhi. Alieleza pia kwa nini bodi lake ni la titaniamu, na kwa nini ilipokuwa ardhini ilivuja mafuta.

Alichokiacha ni kazi yenyewe. Ndege ile haikubeba silaha. Ilibeba kamera na vifaa vya kunasa mawimbi, na ule mwendo wa mara tatu ya sauti, katika kimo cha zaidi ya mita 24,000, ulikusudiwa kuzirudisha picha nyumbani salama. Mtazamaji asiyeambiwa ni nini kilipigwa picha, na picha hizo ziliamua nini, ameonyeshwa ganda tu.

Sisi wa Tanga tuna sababu ya kulijali jambo hili. Novemba 1914 Waingereza walishusha Raskazone askari wapatao 8,000, wengi wao Wahindi, bila kupeleleza vya kutosha nguvu ya Wajerumani na askari wao wa Kiafrika, ambao jumla yao ilikuwa kama 1,000, na wakashindwa vibaya. (Mitaani sifa zote hupewa nyuki. Nyuki walishambulia kweli, ila si wao waliomkataza jenerali kutanguliza wapelelezi.) Miezi minane baadaye mambo yaligeuka huko Rufiji: manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyokuwa imejificha ndani ya delta nyuma ya mikoko, ambako wapiga mizinga wa Kiingereza hawakuweza kuiona, iliangamizwa tarehe 11 Julai 1915 kwa msaada wa ndege zilizoruka kutoka Mafia na kuwaarifu kwa simu ya upepo makombora yao yalikuwa yakiangukia wapi. Ndege moja ilipigwa siku hiyo ikaangukia mtoni, na wawili waliokuwemo wakaokoka.

Mzinga mmoja wa manowari hiyo unatazamwa hadi leo Fort Jesus, Mombasa. Kwa maoni yangu, makumbusho yetu ya Tanga, yaliyomo katika Boma la zamani, hayahitaji kununua ndege ili kueleza habari hii. Ramani ya delta, nakala za picha za wakati ule na maelezo ya Kiswahili kilichonyooka vingetosha, tena vikipangwa kando ya habari za vita vya Tanga ili mgeni alinganishe mwenyewe.

Namwomba mwandishi wenu, iwapo ataendelea kuandika kuhusu ndege za aina hii, aanzie Rufiji na Mafia kabla hajarudi Washington.

Wako,
Msomaji wa Chumbageni, Tanga