Ukinunua gari la Ulaya angalia chini kwanza

Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako maana hili jambo linaniuma. Mimi ni fundi bodi hapa Kigoma, zamani nilikuwa utingo kwenye lori la kubeba chumvi kutoka Uvinza, na mtu aliyekaa na lori la chumvi hahitaji kufundishwa kutu ni nini, lile letu tulikuwa tunalichomelea leo hapa kesho pale.

Sasa mdogo wangu yuko Scotland, ana gari la Kiingereza aina ya MGB ya mwaka 1972, ile ya wazi ya watu wawili, na anaiendesha mpaka Januari kwenye theluji wakati wenzie wenye magari kama hayo wameshayafunika turubai. Ananipigia video asubuhi naona anavuta choki, ile ya kusaidia injini iwake kwenye baridi, oili imekuwa nzito kama asali, betri zenyewe ni mbili za volti 6 ziko nyuma ya viti na baridi inazimaliza nguvu. Nampenda kwa moyo huo kwa kweli, gari imetengenezwa itembee. Ila nikamwambia theluji sio adui yako, adui ni chumvi, maana kule halmashauri zinamwaga chumvi barabarani ili maji yasigande, na tairi inairusha yote chini ya gari. Na MGB haina chesisi ya peke yake, yaani ile fremu ya chini inayobeba gari, bodi ndiyo chesisi, ule ukingo wa chini ya mlango ndio umebeba gari zima na unaoza kuanzia ndani huku rangi ya nje inang'aa tu. Basi kila Jumapili anapiga maji chini na oili anapuliza ndani ya matundu, mpaka leo ukingo wake mzima.

Nasema haya kwa sababu huku watu wanapenda magari ya Uingereza, usukani kulia kama yetu, wanaona picha wanatuma hela. Mwaka jana mama mmoja muuza dagaa kaniletea Land Rover yake aliyoagiza, bodi safi kabisa, na lazima iwe safi kwa sababu ile bodi ni aluminiamu, lakini chesisi ni chuma. Nimepiga jeki, nimegusa na bisibisi, ikazama mpaka kwenye mpini. Juu walikuwa wamepaka rangi nyeusi nzito kuficha!! Yule mama alikaa chini kwenye tofali hakusema kitu.

Kwa hiyo wauzaji watume picha za chini ya gari kabla hawajapokea hata shilingi, na picha ziwe za kabla ya kupaka rangi. Na wewe mnunuzi ukiona chini kumepakwa rangi mpya nyeusi tii kwenye gari kuukuu, uliza kwanini.

Land Rover ya yule mama bado iko kwangu, nimeshakata upande wa kushoto, nasubiri bati linakuja na treni kutoka Dar.

Fundi bodi,
Mwanga, Kigoma