Barua ya wazi kwa kaka yangu, kabla ya kikao cha Jumamosi cha mirathi ya baba

Kaka, shikamoo.

Wiki hii nimekupigia mara tatu, na mara zote tatu umenijibu kwamba mengine tutaongea kikaoni. Lakini kikaoni hatukai pamoja. Nyinyi mnakaa sebuleni kwenye mkeka, sisi tunakuwa uani na masufuria, na yakishaamuliwa anatumwa mtoto kutuita tuje kusaini. Kwa hiyo nimeamua kuandika. Naandika hadharani, jina lako nimelihifadhi na namba ya nyumba sitaitaja, kwa sababu tangu nianze kulisema jambo hili kwa wenzangu hapa Magomeni, sijampata hata mmoja ambaye hakunijibu kwa kisa cha kwao. Mpare alikuwa nacho, Mhaya alikuwa nacho, Mndengereko alikuwa nacho. Wenye rozari na wenye tasbihi.

Nianze na siku ya kirikuu, maana siku hiyo nilikuona ulivyo.

Mpangaji wetu wa chumba cha nne, yule Msukuma wa Shinyanga, alikuwa amefiwa na mumewe wiki moja tu. Matanga hayajapoa, mashemeji wakaja alfajiri na kirikuu. Nilipotoka kuwasha mkaa nikakuta kitanda kimeshatolewa, kabati limelazwa koridoni, friji limefunikwa shuka, na yeye amesimama mlangoni kampakata mtoto, hasemi kitu. Wakadai na funguo za bajaji. Bajaji ile, kaka, zaidi ya nusu ya bei yake ilitoka kwenye upatu wetu wa uani. Zamu yake ilipofika tulimhesabia noti hapa hapa kisimani, nilikuwepo, mimi ndiye niliyekuwa nashika daftari. Wao wakasema mila yao iko wazi: mjane hana sehemu, atatunzwa na watoto wake. Mtoto wake mkubwa alikuwa na miaka sita.

Ukatoka chumbani na msuli wako, hata shati hujavaa. Ukasimama mlango wa mbele, ukaweka mkono huku na mkono huku. Ukawaambia, katika nyumba ya baba yangu hakitoki kitu cha mjane, jasho lake limo humu. Ukawaambia kuna Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inayompa mjane hiari ya kuishi anakotaka, kwamba hakuna wa kumrithi kama mbuzi. Mama wa chumba cha pili, Mchaga, aliyekuwa anajiandaa kwenda kwenye jumuiya ya kanisani kwao, akaja na kitenge chake akasimama kando yako. Baba alikuwa hai bado, kiharusi kimemshika mdomo, lakini aligonga fimbo yake sakafuni mara mbili na sote tukajua anasema nini. Kirikuu kikaondoka kitupu.

Usiku ule ulinieleza mengi, na mengine nikaenda kuyatafuta mwenyewe. Kwamba maneno ya wale mashemeji hawakuyatunga, yameandikwa katika tamko la sheria za mila la mwaka 1963, Tangazo la Serikali namba 436, kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba: mjane harithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo, na mtoto wa kike yuko daraja la tatu, la mwisho. Nilisoma pia habari za wajane wawili wa mkoa wa Shinyanga, mafundi cherehani, waliopeleka tamko hilo mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni hizo zinawabagua wanawake, lakini haikuzifuta. Wakasonga mbele mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema Tanzania imewanyima haki yao. Niliposoma hayo nilimkumbuka yule mama na funguo zake, nikakuombea dua.

Sasa Jumamosi ni zamu ya nyumba yetu.

Dalali ametaja Sh 240 milioni. Nimeambiwa (nimeambiwa na mke wa ba'mdogo, siyo na wewe) kwamba pendekezo ni nyinyi wawili wa kiume mchukue, mama ahamie kwako, na sisi dada watatu tupewe milioni tano tano za kifuta jasho kisha tusaini kwamba tumesamehe. Na kwamba mila ndivyo ilivyo, mtoto wa kike ana kwake kwa mumewe.

Kaka, mila ya nani? Sisi ni Wazaramo wa Kisarawe. Bibi mzaa baba alikuwa na mikorosho yake, alivuna mwenyewe na kuuza mwenyewe, na babu hakuwahi kumwuliza hesabu. Hayo ya mtoto wa kike kutoka mikono mitupu tumeyaokota njiani, kwa kukaa mtaa mmoja na kila kabila, na ajabu ni kwamba kila mtu ameokota kwa mwenzake kile kinachombana mwanamke. Ndiyo maana Muislamu wa Magomeni siku hizi anachukua mahari ya binti yake anaezekea nyumba, wakati sura ya Nisaa, aya ya nne, inasema mahari apewe mwanamke mwenyewe.

Na mkisema dini, nitafurahi. Tuifuate. Aya ya saba ya sura hiyo hiyo imesema wanaume wana sehemu katika walichoacha wazazi na wanawake wana sehemu, kiwe kidogo kiwe kingi. Aya ya kumi na moja na ya kumi na mbili zimetaja hesabu, na zinazofuata zimeiita mipaka ya Mwenyezi Mungu. Hesabu yenyewe kwetu ni nyepesi hadi inanitoa machozi. Mama ana thumuni. Saba zinazobaki ni zetu: nyinyi mbili mbili, sisi moja moja. Jumla nane. Nyumba ya baba ina vyumba sita ndani na viwili uani. Nane, kaka. Kwa bei ya dalali kila sehemu ni Sh 30 milioni, na nyinyi kila mmoja Sh 60 milioni. Milioni tano zimetoka aya ya ngapi?

Najua utasema, wewe si ndiye kila siku unapigania usawa, leo umekubali nusu? Nitakujibu kwa moyo wangu wote. Nimekubali kwa sababu ni Muislamu, na kwa sababu mbili zako hazikuja peke yake, zimekuja na mzigo: kumtunza mama, kumsimamia dada aliyerudi nyumbani, kulisha asiye na wa kumlisha. Sasa niambie miaka minne ya kiharusi cha baba nani alimgeuza kitandani. Nani alinunua nepi za watu wazima, nani alikosa kazi ya mgahawani kwa sababu baba hakubali kulishwa na mwingine. Sikudai malipo wakati ule na sidai leo. Nasema tu kwamba mzigo tuliubeba sisi, na sasa hata ile moja iliyobaki mnataka tuisamehe. Halafu tangu nizaliwe sijasikia msikitini wala mtaani kaka aliyeombwa asamehe yake. Dini haikumkataza. Kaka akitaka kumwongezea dada yake kutoka fungu lake, mlango uko wazi na thawabu ipo. Kwa nini neno "samehe" linajua njia ya uani tu?

Kuna jingine, na hili ndilo lililonikosesha usingizi. Kikao kimewekwa mama akiwa eda. Arobaini imepita juzi. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, kwa hiyo ana zaidi ya miezi miwili mbele yake. Nimemsikia ba'mdogo akisema, "Bi mkubwa yuko eda, hawezi kukaa na wanaume, tutamfikishia." Eda inamzuia kuolewa, kujipamba, kutoka toka bila haja. Haijamziba mdomo juu ya mali yake. Chumba chake na sebule vimetenganishwa na pazia. Juzi nilikaa naye mle ndani, kaniomba nimsuke, halafu akakumbuka, akacheka kidogo, akajifunga kanga kichwani. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hivi mnaniuzia na mimi?" Sikuwa na jibu.

Maana kabla hujafika kwenye thumuni kuna cha mama mwenyewe. Bati za nyumba hii ni vitumbua. Wewe ulikuwa shule ya bweni, hukuona, ila mimi nilikuwa nabeba ndoo ya unga saa kumi alfajiri. Kile alichotia mama kwa mikono yake si urithi, ni chake, kinatolewa kwanza. Hata mahakama zetu zilishafika huko: mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Ile ilikuwa ya talaka, najua, lakini hoja ni ile ile uliyoisema mwenyewe ukiwa na msuli mlangoni. Mama anasema hataki kutengewa, kwamba yeye na baba walikuwa mfuko mmoja. Sawa. Aseme hivyo kikaoni, kwa kinywa chake, na liandikwe.

Nimefikiria sana hii nyumba. Wamama watatu chini ya paa moja, na kila mmoja akifiwa sheria yake ni nyingine. Msukuma anaambiwa tamko la 1963. Sisi tuna Kurani, na huku Bara hatuna mahakama ya kadhi, ni Mahakama ya Mwanzo hiyo hiyo inayotugawia. Yule Mchaga Mkristo, kama itathibitika kwamba mumewe aliishi kwa dini yake kuliko kwa mila, inakuja sheria ya mirathi ya India ya mwaka 1865, ambayo inampa mjane theluthi na watoto wote sawa kwa sawa, wa kike na wa kiume. Lakini hajui. Nilipomwambia, aliweka chini sahani aliyokuwa anaosha, akaniomba nirudie. Kwao shemeji zake wameshamwambia kihamba, shamba la nyumbani, ni cha ukoo na yeye ni mgeni.

Wamama hao ndio waliopika pilau la arobaini ya baba yetu. Mchaga alikata nyama tangu usiku, kajitanda kanga vizuri kuliko sisi wenyewe, na Msukuma alisonga ugali wa wachimba kaburi siku ya mazishi. Ikiwa jumuiya iko kwake, sisi ndio tunaosha vikombe. Uani kwetu hakuna dini inayobaki na njaa. Ila sijaona kikao hata kimoja, cha dini yoyote kati ya hizi, ambacho mmoja wetu aliitwa akakaa.

Kwa hiyo naomba haya. Mama akae nyuma ya pazia, asikie na asikilizwe. Muhtasari uandike majina ya warithi wote sita, si mawili. Msimamizi wa mirathi awe yeyote, hata wewe, nitakuunga mkono, lakini ile orodha ya mali na ya mgawo ambayo mahakama inaitaka ndani ya miezi minne tuione kabla haijapelekwa. Na nyumba isiuzwe mama yuko eda. Akimaliza, akikubali, iuzwe.

Nikiletewa karatasi ya kusamehe sitasaini. Nikipitwa, nitaweka pingamizi Mahakama ya Mwanzo, na itaniuma kuliko itakavyokuuma wewe, kwa sababu ni wewe uliyenibeba mgongoni kunipeleka madrasa mvua ikinyesha. Sitaki kukuona mahakamani. Nataka kukuona mlangoni, na ile mikono yako.

Dada mkubwa anatoka Morogoro na basi la alfajiri, mdogo wetu ameomba ruhusa kazini. Chai nitaichemsha na mihogo nitaikaanga kabla hamjafika, nizipange chupa mezani, ili ikifika saa tatu nisiwe na kitu cha kunipeleka uani. Nitakaa upande wa pazia, karibu na mama.

Mdogo wako.