Maandalizi ya tetemeko yaanzie kwenye jengo

Mhariri,

Tetemeko kubwa likipiga jiji lolote duniani, magazeti hujaa picha za vifusi kwa wiki moja, kisha habari hufifia. Wiki hiyo wasomaji huambiwa mara nyingi kwamba matetemeko ni hatari na kwamba serikali zijipange. Ni kweli, lakini mama anayeishi ghorofa ya nne akimaliza kusoma habari hiyo jioni, hana jambo hata moja la kufanya kesho asubuhi. Sisi tunaokagua majengo na kufundisha uokoaji tunaomba nafasi tueleze jambo moja: katika jiji kubwa, maandalizi hushikika yakipangwa jengo kwa jengo. Mtu peke yake hana mikono ya kutosha, na jiji zima ni kubwa mno kukutana na kugawana kazi.

Tazameni Kobe, Japani. Tetemeko la Januari 17, 1995 lilipiga saa 11:46 alfajiri na kuua watu zaidi ya 6,400. Barabara zilizibwa na vifusi, mabomba ya maji yakapasuka, na vikosi vya zimamoto vikaitwa mahali pengi mno kwa wakati mmoja. Wengi wa waliotolewa hai chini ya nyumba zilizoanguka walitolewa na jamaa na majirani zao kwa mikono na zana za nyumbani. Hilo halikutokea kwa sababu Japani haina waokoaji. Hakuna jiji lenye waokoaji wa kufika kwenye maelfu ya majengo ndani ya saa moja, na matumaini ya kumkuta mtu hai hupungua haraka baada ya siku ya kwanza. Kikosi cha kwanza cha uokoaji ni watu wanaopishana kwenye ngazi zenu kila siku.

Tuanze na sekunde za mwanzo. Wimbi la kwanza la tetemeko husafiri kilomita 6 hivi kwa sekunde, na la pili, linaloangusha vitu, kilomita 3.5 hivi. Aliye umbali wa kilomita 100 kutoka chanzo hupata nafasi ya sekunde 12 hivi kati ya mawimbi hayo. Mifumo ya tahadhari ya Japani na Mexico huitumia nafasi hiyo, lakini chanzo kikiwa karibu king'ora na mtikisiko huja pamoja. Septemba 19, 2017, wakazi wa Mexico City walifanya zoezi saa 5 asubuhi kukumbuka tetemeko la tarehe hiyohiyo mwaka 1985. Saa mbili na dakika chache baadaye, tetemeko la kipimo cha 7.1 likawapiga, na sehemu nyingi za jiji king'ora kilisikika ardhi ikiwa tayari inatikisika. Katika hali hiyo hakuna muda wa kufikiri. Mwili hufanya ulichozoea.

Kinachopaswa kuzoewa ni vitendo vitatu: inama, jikinge, shikilia. Shuka kwa magoti na viganja kabla mtikisiko haujakuangusha. Ingia chini ya meza imara, na mkono mmoja ushike mguu wa meza bila kuuachia, maana meza hutembea na kukuacha wazi. Kama hakuna meza, kaa kando ya ukuta wa ndani mbali na vioo, ukifunika kichwa na shingo kwa mikono. Aliye kitandani abaki kitandani, alale kifudifudi na kujifunika mto kichwani. Aliye kwenye kiti cha magurudumu afunge breki, ainame na kukinga shingo.

Usisimame kwenye fremu ya mlango. Ushauri huo ulitokana na nyumba za zamani za udongo ambazo fremu ndiyo ilibaki imesimama. Katika nyumba za leo fremu haina nguvu kuliko ukuta, na mlango wenyewe hubamiza vidole na kichwa. Upo pia ujumbe unaosambaa kwa simu ukishauri watu walale kando ya kitanda au kabati ili wapate upenyo jengo likianguka. Upuuzeni. Majengo mengi yanayotikisika hayaanguki, na wanaoumia humo huumizwa na vioo, makabati, taa na vipande vya dari. Kabati hilohilo uliloambiwa ulale kando yake ndilo linalokuangukia.

Kukimbia nje nako kuna hatari yake. Christchurch, New Zealand, Februari 22, 2011, kuta za mbele za majengo ya matofali ziliporomokea barabarani na kuua watu waliokuwa njiani. Tunakubali hali moja tu: nyumba ya chini ya matofali ya udongo yenye paa zito, ukiwa hatua chache kutoka mlangoni na nje kuna uwanja wazi. Hapo toka upesi. Katika ghorofa, kaa ndani mpaka mtikisiko ukome, kisha hesabu polepole hadi 60 kabla ya kutoka, ili vilivyolegea vimalize kuanguka.

Sasa tuingie nyumbani, ambako kazi ni ya mchana mmoja na kosa moja hurudiwa karibu kila mahali. Watu hufunga kabati ukutani kwa skrubu fupi inayoshika plasta peke yake. Plasta huwa na unene wa sentimita 2 hivi, nayo humeguka mara ya kwanza kabati likivutwa. Tumia chuma cha pembe juu ya kabati, plagi ya ukutani ya milimita 8 (kijibomba cha plastiki kinachotiwa kwenye tundu ili kushika skrubu), na skrubu itakayopita plasta na kuingia angalau sentimita 5 ndani ya tofali au zege. Kwa tofali lenye tundu omba plagi inayotanuka ndani, kwa sababu ya kawaida haina kitu cha kukamata. Upande wa kabati, skrubu ishike fremu. Ubao mwembamba wa mgongoni hupasuka kama karatasi. Mtungi wa gesi ufungwe kwa minyororo miwili, mmoja theluthi ya juu na mwingine theluthi ya chini, maana mmoja wa katikati huuacha uzunguke na kuchomoa mpira. Viatu vyenye soli ngumu na tochi vitiwe kwenye mfuko uliofungwa mguuni mwa kitanda. Vikiachwa sakafuni huteleza hadi upande wa pili wa chumba, na usiku ule sakafu itakuwa imejaa vioo.

Juu ya paa tazameni tangi la maji. Lita 1,000 ni tani moja, na mara nyingi tani hiyo imekalia stendi ya miguu minne isiyo na chuma cha mshazari hata kimoja. Fundi wa kuchomelea aongeze mishazari pande zote nne na kufunga miguu kwa bolti kwenye zege. Yeyote aliye zamu ajue valvu ya kutolea maji iko wapi ili aifunge, kwa sababu mabomba ya ndani yakipasuka tangi hujimwaga lote, na hayo ndiyo maji yenu ya siku tatu zijazo.

Jengo lenyewe ndilo sehemu ambayo watu huiogopa kuizungumza, nasi tunaomba mwenye jengo na wapangaji waizungumze pamoja. Mwaka 2010 Haiti ilipigwa na tetemeko la kipimo cha 7.0, na zaidi ya watu 100,000 wakafa. Wiki sita baadaye Chile ilipigwa na la 8.8, ambalo nguvu yake ilikuwa kubwa mara 500 hivi, na waliokufa walikuwa mia tano na ushee. Haiti chanzo kilikuwa karibu sana na mji mkuu, hilo lina uzito wake, lakini tofauti kubwa ilikuwa kwenye zege na nondo, na kwenye sheria za ujenzi ambazo Chile ilizisimamia kwa miongo mingi.

Jengo linaloanguka kirahisi lina dalili ambazo hata asiye mhandisi anaweza kuziona. Ya kwanza ni ghorofa ya chini iliyo wazi kwa maduka au magari, yenye nguzo tupu, huku ghorofa za juu zikiwa na kuta tele. Uzito wote wa juu huyumba juu ya miguu dhaifu. Mbaya zaidi ni pale mwenye duka anapokata nguzo au kuvunja ukuta ili kupanua nafasi, akidhani nguzo moja si kitu. Ya pili ni ufa wa mshazari kwenye nguzo au karibu na kiungo cha nguzo na boriti, hasa unaokutana na mwingine kama herufi X. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta ya ukuta ni jambo jingine na haupaswi kuwatisha. Ya tatu ni nondo zilizotokeza nje na kushika kutu. Mkiona lolote kati ya haya, mwiteni mhandisi wa majengo, na mfunikaji wa rangi asubiri. Kwa wanaojenga sasa, tunasisitiza ringi za nguzo, yaani vyuma vinavyozungushwa kuzifunga nondo za wima. Karibu na viungo zikae karibukaribu, na ncha zake zikunjwe kuingia ndani ya zege kwa nyuzi 135. Zikikunjwa kwa nyuzi 90, gamba la zege likibanduka ringi hufunguka, na nondo za wima hupinda kama mabua.

Baada ya mtikisiko, kazi za jengo ziwe na majina, na kila kazi ipewe watu wawili kwa sababu mmoja atakuwa kazini au safarini. Wawili wa gesi: wakisikia harufu, wafunge valvu, wafungue madirisha, na mtu asiguse swichi wala kuwasha kiberiti. Gesi ya bomba ikishafungwa ifunguliwe na fundi wa kampuni inayoisambaza. Wawili wa umeme: wazime swichi kuu za nyumba zote, zikiwemo zile ambazo wenyewe hawapo. Kobe ilipata mioto mingi pale umeme uliporudishwa na kukuta hita zimeangukiwa na nguo na nyaya zimechubuka. Wawili wa hesabu: wanasimama mahali pa kukutania, wakiwa na orodha ya kila nyumba, idadi ya wanaolala humo, na nani hawezi kushuka ngazi mwenyewe. Kwenye ngazi, anayetangulia amulike kila mpando kabla ya kukanyaga, kwani ngazi huachana na ukuta. Lifti isitumike hata kama inafanya kazi.

Zana za jengo zima hazizidi sanduku moja: mitalimbo miwili, beleshi mbili, msumeno wa mbao na wa chuma, jeki ya gari, vipande vya mbao vya kuegemezea, kamba ya mita 30, glovu ngumu, barakoa za vumbi, helmeti, filimbi, mtungi wa kuzimia moto na machela. Tumekuta masanduku kama haya yamefungiwa chumba cha chini ya jengo na ufunguo ukiwa kwa mtu mmoja. Liwekwe nje karibu na geti, mbali na ukuta unaoweza kuanguka.

Aliyefukiwa afunike mdomo kwa nguo, agonge bomba au ukuta mara tatu na kunyamaza, kisha arudie. Kupiga kelele humaliza nguvu na kumjaza vumbi. Waokoaji nao wanyamaze wote kwa dakika moja kila baada ya muda ili wasikie. Mtu aliyebanwa mguu au paja kwa saa nyingi anaweza kuonekana mzima, kisha akazidiwa ghafla baada ya kutolewa, kwa sababu msuli uliopondwa hutoa vitu vinavyodhuru moyo na figo. Mwiteni mwenye ujuzi wa tiba awepo anapotolewa, na hospitali ielezwe alibanwa kwa muda gani.

Maji ni lita 4 kwa mtu kwa siku. Jengo la watu 50 linahitaji lita 600 kwa siku tatu. Maji ya mashaka yakikosa moto wa kuchemshia, tia matone 2 ya dawa ya klorini ya kufulia, isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 6, katika kila lita. Yakiwa na ukungu yachuje kwanza kwa kitambaa na utie matone 4. Koroga, subiri dakika 30. Simu zitumike kwa ujumbe mfupi, ambao hupenya hata mtandao ukiwa umeelemewa, na kila familia iwe na ndugu mmoja wa mji wa mbali ambaye wote watamtumia habari zao.

Zoezi lenyewe huchukua dakika 15, mara mbili kwa mwaka, na moja lifanyike usiku taa zikiwa zimezimwa. Tetemeko la Izmit, Uturuki, mwaka 1999 lilipiga saa 9 usiku. Lile la Februari 6, 2023 lilipiga kusini mwa nchi hiyo na Siria saa 10:17 alfajiri, na saa tisa hivi baadaye likafuatwa na jingine la kipimo cha 7.5, lililowakuta baadhi ya watu wamerudi ndani kuchukua vitu vyao.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni nusu ukurasa. Siku mtikisiko mdogo utakapoamsha watu bila kudhuru, siku ambayo kila mtu atakuwa akilizungumzia, chapisha kando ya habari hiyo fomu ya kukatwa na kubandikwa ngazini: nani afunge gesi, nani azime umeme, nani ahesabu watu, valvu ya tangi iko wapi, sanduku la zana liko wapi, tunakutana wapi. Siku hiyohiyo zitasambaa jumbe za kutaja saa ya tetemeko lijalo. Hakuna chombo wala mtaalamu duniani awezaye kutaja siku na saa, kwa hiyo tunaomba fomu hiyo ichukue nafasi ambayo jumbe hizo zingepewa.

Wahandisi wa majengo na wakufunzi wa uokoaji