Fundi, Nisaidie Kuusoma Ukosi Huu

Kansas City, Missouri
Jumapili jioni

Fundi wangu,

Shikamoo sikupi, maana tumezaliwa msimu mmoja, lakini pokea salamu nyingi, na Mama umfikishie shikamoo yake kwa mikono miwili. Huku hatujambo. Baridi imelegea na majirani wameanza kutoa viti barazani.

Juzi kwenye simu ulinicheka. Ulisema mtu mzima katoka zamu ya usiku, badala ya kulala anakodolea macho picha za marehemu, tena wa besiboli, mchezo ambao hapo Ngamiani hakuna anayejua hata unachezwaje. Nikakuahidi kukuandikia, kwa sababu jambo lenyewe ni la cherehani kuliko la mpira. Basi weka mkasi chini kidogo.

Nina jirani, bibi mmoja Mmarekani Mweusi aliyekula chumvi nyingi, ambaye sebuleni ametundika picha ya babu yake. Wanaume kumi na mmoja wamepangwa safu mbili mbele ya uzio wa mbao. Kofia za chepeo, suruali zimeishia magotini, soksi ndefu nyeusi, na kifuani mwa kila mmoja neno moja la herufi kubwa: GIANTS. Nyuma mtu kaandika kwa penseli "1898". Kiangazi ukoo wao unakutana, na bibi anataka picha ichapwe kwenye fulana za wajukuu ikiwa na jina la timu na mwaka wake. Mwaka anao, kasema. Nimtafutie jina tu.

Ungedhani jina ni hilo hapo kifuani. Kumbe hilo ndilo halisaidii kitu. Mwaka 1885 huko Babylon, karibu na New York, mkuu wa wahudumu wa mezani wa Argyle Hotel, Frank P. Thompson, aliunda timu ya besiboli ya Weusi. Wakaitwa Cuban Giants, na Mkyuba hata mmoja hamna. Walikuwa Wamarekani Weusi watupu, na wakawa timu ya kwanza ya Weusi kulipwa mishahara. Walipovuma, kila timu ya Weusi ikataka kuwa Giants. Wakaja Cuban X-Giants mwaka 1896, Page Fence Giants kule Michigan, Philadelphia Giants mwaka 1902, Brooklyn Royal Giants, Leland Giants wa Chicago, Lincoln Giants wa New York, na hapa kwetu Kansas City Giants. Msomaji wa gazeti akiona neno hilo alishajua ni wachezaji wa rangi gani. Kwa hiyo shati linaloandikwa GIANTS peke yake limekwambia kwamba hawa ni Weusi, jambo ambalo sura zao zimekwisha kulisema.

Na hata jina likiandikwa kamili linaweza kukupoteza. Mwaka 1910 Rube Foster, mchezaji na meneja, na Frank Leland, mwanzilishi wa Leland Giants, waliokuwa pamoja Chicago, walishagombana mpaka mahakamani, na Foster ndiye aliyebaki na jina la Leland Giants mwaka huo. Leland mwenyewe ikabidi aite timu yake Chicago Giants. Kwa hiyo ukiona shati la Leland Giants la mwaka 1910, Leland usimtafute humo!

Nikaanza na kadi yenyewe. Ni postikadi, ile ya picha halisi iliyosafishwa moja kwa moja juu ya karatasi ya kadi. Nilipoitoa kwenye fremu, kwa idhini ya bibi na yeye akinisimamia kichwani, nikakuta mgongoni mstari wa katikati: kushoto pa ujumbe, kulia pa anwani. Posta ya Marekani iliruhusu mgawanyo huo tangu tarehe 1 Machi 1907. Kabla ya hapo upande huo ulikuwa wa anwani tu. Mahali pa stempu kuna kisanduku chenye neno AZO, aina ya karatasi ya picha, na pembetatu nne ndogo zote zimeelekea juu, alama iliyotumika takriban kati ya 1904 na 1918. Hapo 1898 ikaanza kuyumba.

Lakini haijaanguka bado, fundi. Mpiga picha wa mwaka 1910 aliweza kuletewa picha kuukuu, akaipiga upya, akaitoa kama postikadi. Biashara hiyo ilikuwepo. Kadi inaniambia karatasi ni ya lini, haijaniambia watu walisimama pale lini. Kwa hilo imebidi niwaangalie mashati.

Hapa ndipo nilipokukumbuka. Mashati ya besiboli ya zamani yalikuwa ya flaneli ya sufu, mazito, na mtu alivaa hilo kwenye jua la Julai. Miaka ya 1880 mengi yalifungwa kifuani kwa kamba kama kiatu. Halafu vifungo vikashika nafasi, na ukosi ukawa wa kulala, mpana, kama wa shati la kazi. Mwaka 1906 New York Giants, wale Wazungu, walitokea na shati lisilo na ukosi. Kuanzia karibu 1909 timu nyingi zikaingia kwenye ukosi mfupi wa kusimama, kama wa kanzu zako za Idi, na ilipofika katikati ya miaka ya 1910 ukosi ukawa unaondoka kabisa. Namba mgongoni usizitafute: hata timu kubwa za Wazungu zilianza kuzivaa kwa kudumu mwaka 1929.

Sasa tazama nakala niliyokuwekea humu. Wanaume saba wana ukosi wa kusimama. Wanne wana ukosi wa kulala, na flaneli yao imefifia zaidi. Huyo aliyepiga goti mwishoni kulia ana vifungo vimezunguka mkono juu kidogo ya kiwiko, maana mashati mengine ya zamani yalikuwa na mikono ya kubandua: mchana wa joto unafungua, unabaki na mikono mifupi. Mimi nasoma hivi: hawakuwahi kushona sare zote kwa mkupuo. Shati likichakaa, linaingia jipya la mtindo wa mwaka huo, na la zamani linaendelea kupigwa pasi.

Kuna jambo ambalo wakusanyaji wengi wa picha hizi huku hulipuuza, na mimi hunikera. Wanachukua mtindo wa sare za timu kubwa za Wazungu, wanaona ukosi fulani uliachwa mwaka fulani, basi picha ya Weusi wenye ukosi huo wanaipachika mwaka uleule. Timu nyingi za Weusi zilikuwa na fedha za kuungaunga, na nyingine zilivaa sare zilizokwisha kutumiwa na wengine. Wewe mwenyewe umewahi kukarabati jezi za mtumba za timu za mtaani, unajua zinafika miaka mingapi nyuma ya wenyewe. Kwa hiyo shati la zamani kabisa pichani halina neno. Linalosema ni jipya kuliko yote, na hilo husema kitu kimoja tu: picha haiwezi kuwa kabla ya hapa. Ukosi wa kusimama umenipeleka 1909 au karibu yake. Tena mbele ya miguu ya mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, pamelazwa vikinga ugoko, na hivyo vilianza kuonekana wazi kwa wadakaji mwaka 1907, Mzungu Roger Bresnahan alipovivaa.

Vikinga ugoko vyenyewe vina kisa. Miaka ya 1880, wakati Weusi wachache walikuwa bado wanaruhusiwa kwenye timu za Wazungu, Bud Fowler na Frank Grant walicheza kituo cha pili, yaani walilinda kimojawapo cha vituo ambavyo wapinzani hukimbilia. Wakimbiaji wa Kizungu walikuwa wakiteleza na viatu vyenye meno ya chuma wakiwalenga miguu makusudi, na inasimuliwa kwamba ndiyo iliyowafanya wafunge mbao kwenye magoko. Miaka ishirini baadaye Mzungu akavaa, ikawa maendeleo ya mchezo.

Upande wa pili, wa kujua picha haiwezi kuwa baada ya lini, nguo hazisaidii. Hapo unahitaji watu. Kwa timu zilizovuma ni rahisi, kwa sababu wachezaji walihamahama kila msimu na magazeti ya Weusi, kama Freeman la Indianapolis na Defender la Chicago, yaliwafuata. Fowler alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Page Fence Giants, walioanza kucheza mwaka 1895, wakasafiri kwa behewa lao wenyewe na kuzunguka miji kwa baiskeli kutangaza mechi, lakini katikati ya mwaka huohuo akaondoka. Ukimkuta pichani na shati hilo, umeshika miezi, siyo miaka. John Henry Lloyd alikuwa Philadelphia Giants mpaka 1909, Leland Giants 1910, Lincoln Giants 1911. Uso wake tu ni kalenda. Na kuna picha zinazojieleza zenyewe, kama ile ndefu iliyopigwa hapa mjini tarehe 11 Oktoba 1924, timu za Kansas City Monarchs na Hilldale zimepangwa mstari mmoja kwa fainali ya kwanza ya ligi za Weusi, Foster akiwa katikati na suti yake. Monarchs walishinda michezo mitano kwa minne. Tarehe imeandikwa humohumo pichani. Ningekuwa na nyingi za namna hiyo, ningelala usiku kama watu.

Wa bibi si maarufu. Hakuna uso hata mmoja humo ninaoukuta kwengine. Nikawa nimekwama, na nikaona vibaya kumwendea na habari kwamba 1898 ya baba yake haisimami, kwa sababu penseli ile ni mwandiko wa baba yake. Nikajikaza. Nikamweleza mstari wa postikadi, nikamwonyesha ukosi. Hakukasirika. Akanyamaza kidogo, akaniuliza: "Vidole vyake umevihesabu?"

Mimi nilikuwa nimeangalia vifungo, kola, viatu, kila kitu isipokuwa mikono. Babu yake ameketi safu ya mbele, wa tatu kutoka kushoto, viganja vyote viwili juu ya magoti. Vidole kumi, vimetimia, tena vinene. Bibi akaenda kuleta Biblia ya ukoo, ambamo wameandika vizazi, ndoa na misiba. Humo, katikati ya ubatizo wa mtu na mazishi ya mwingine, pameandikwa kwamba babu alikatika kidole cha shahada kwenye kiwanda cha nyama, Novemba 1913. Kwa hiyo picha ni ya kabla ya hapo. Kati ya 1909 na 1913, fundi, na ushahidi wa mwisho ametoa yeye. Kuhusu 1898 anadhani labda ndio mwaka babu alipoanza kucheza. Nami sina sababu ya kumbishia.

Sasa anataka kuchapa fulana za wajukuu kwa rangi halisi za timu, na soksi anasema ziwe nyeusi. Nimemwomba asubiri. Dawa za picha za zama zile hazikuiona rangi nyekundu. Nyekundu ilitoka nyeusi, na buluu ya kawaida ikafifia ikawa karibu na nyeupe. Soksi nyeusi kwenye picha ya mwaka 1910 huenda zilikuwa nyekundu kama embe dodo lililoiva. Magazeti ya wakati ule mara nyingine hutaja rangi za sare, ila mpaka ujue jina la timu huna pa kuanzia kufunua.

Na jina ndilo limebaki. Watu wananishauri niandike Kansas City Giants tu, miaka inakubali, mji unakubali, na bibi angefurahi. Sitaki. Giants walikuwa kila mji huku, na babu alihamia Kansas City akiwa mtu mzima.

Ndiyo maana nimekuwekea hiyo nakala ya pili, iliyokuzwa kifua kimoja tu. Ni ya yule aliyesimama nyuma ya babu, mmoja wa wale wanne wa ukosi wa kulala. Tazama juu ya herufi G na chini ya S. Mimi naona kivuli cha michirizi miwili iliyonyooka, flaneli ya hapo imekolea kuliko pembeni, kama mahali palipowahi kushonewa herufi nyingine zikafumuliwa. Lakini inaweza kuwa ni kunjo la pasi, au mimi na usingizi wangu. Wewe umefumua majina ya shule kwenye sare za mtumba maisha yako yote. Niambie: uzi ukitoka kwenye sufu, matundu hubaki kwa mpangilio gani? Na flaneli iliyofunikwa na herufi miaka miwili mitatu hubaki imekolea namna hii, au hufifia sawasawa na nyingine? Kama ni herufi zilizofumuliwa, shati hilo lilikuwa la timu nyingine kabla, na kwa urefu wa michirizi nadhani neno la kwanza lilikuwa fupi, herufi nne au tano.

Chukua lenzi ya yule fundi saa wa jirani yako, angalia mchana kwenye mwanga wa mlangoni, usitumie taa. Ukishaona, nipigie hata kama kwangu ni usiku. Nitakuwa kazini na simu nitakuwa nayo mfukoni. Bibi anapeleka fulana kwa mchapaji mwisho wa mwezi ujao.

Nisalimie wote, na yule kijana wako anayejifunza overloki mwambie asikate tamaa.

Wako,
Sahibu yako wa Kansas City